Umeinua pikapu na kuivisha matairi makubwa, difu je?

Siku hizi pikapu si gari la mzee wa shamba peke yake. Simama kando ya Northern Bypass Jumamosi mchana uone: Hilux na D-Max zimeinuliwa juu, matairi yana meno kama msumeno, taa zimepangwa mstari juu ya paa, na bomba la hewa limepanda kando ya kioo hata kama maji ya kina kirefu yaliyowahi kuvukwa ni yale ya mafuriko ya South C. Mimi sina shida na hilo. Gari ni lako, doo ni yako, na kusema kweli zinapendeza.

Shida yangu ni kwamba kila kinachoonekana kimebadilishwa, halafu kile kimoja kisichoonekana, kilicholala katikati ya ekseli ya nyuma kama chungu kilichofunikwa, kimeachwa vile kilivyotoka kiwandani. Naongea kuhusu difu. Na msimamo wangu ni huu: kama huna pesa ya kubadilisha gia za difu, basi pesa ya matairi makubwa pia huna. Bado. Ngoja kwanza.

Najua kuna mtu tayari amekunja uso. Tulia, tufanye hesabu pamoja.

Difu wengi tunaijua kwa jina na tunaishia hapo. Nguvu ya injini ikishatoka kwa giaboksi hupita kwa propela, ile paipu nene inayozunguka chini ya gari, hadi kwa difu. Mle ndani kuna gia mbili zinazoumana. Ile ndogo huitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela. Ile kubwa huitwa krauni, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwa ekseli na magurudumu. Pinioni ikiwa na meno 10 na krauni meno 41, propela lazima izunguke mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara moja. Fundi atakuambia difu yako ni "nne nukta moja". Meno 43 kwa 10 ni 4.3. Meno 41 kwa 9 ni 4.556. Meno 39 kwa 8 ni 4.875. Hizo zote ni nambari unazoweza kukuta kwa Hilux za miaka mbalimbali, kutegemea injini na kazi ambayo gari liliundiwa.

Nambari ikiwa kubwa, gari linavuta zaidi lakini injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Ikiwa ndogo, injini inapumzika ukiwa kwa barabara iliyonyooka, ila mlima utaihenyesha. Aliyewahi kuendesha baiskeli ya gia anajua ninachosema.

Sasa hapa ndipo watu huachwa nyuma: tairi nalo ni gia. Ndiyo gia ya mwisho kabisa kabla ya lami. Tairi likiwa kubwa, kila likizunguka mara moja gari linasonga mbele zaidi, na injini inalazimika kusukuma umbali huo wa ziada kwa nguvu ileile iliyokuwa nayo jana.

Chukua mfano wa saizi inayopatikana sana kwa pikapu za kisasa, 265/65R17. Kimo chake, kutoka chini hadi juu, ni kama milimita 776. Kijana anaenda kuitoa na kuweka 285/70R17, ambayo watu huita tu inchi 33. Hiyo kimo chake ni kama milimita 831. Tofauti ni asilimia 7. Ukiangalia kwa macho unasema ah, hiyo ni kitu kidogo. Lakini ukichukua difu ya 4.1 na kuigawa kwa hiyo asilimia 7, unabaki na gari linalojiendesha kama lina difu ya 3.83. Yaani umelipa pesa nyingi kwa duka la matairi ili ulifanye gari lako liwe dhaifu kuliko lilivyokuwa. Na hatujahesabu uzito wa hayo matairi na rimu zake, wala bampa ya chuma uliyofunga mbele.

Twende barabarani. Gia ya tano ya pikapu nyingi za manual haiko mbali na 0.85. Kwa matairi ya kwanza, ukienda kilomita 80 kwa saa kwa gia ya tano, injini inazunguka kama mara 1,900 kwa dakika. Kwa matairi makubwa, mwendo uleule, inashuka hadi kama 1,780. Injini nyingi za dizeli zenye turbo huanza kuvuta vizuri kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 hivi, kwa hivyo hiyo tofauti ndogo inaweza kukutoa mahali ambapo injini ilikuwa imetulia na kukuweka mahali ambapo inabembeleza. Ndiyo sababu utamsikia mtu akisema, "Tangu niweke hizi ngoma, gia ya tano siitumii tena." Si gia ya tano iliyoharibika, buda. Umeisogeza ikawa mbali na injini.

Kwa anayetumia pikapu kwenda brunch Karen, haya yote ni kero tu. Lakini wengi wetu tuliokopa kununua pikapu hatukukopea brunch. Pikapu ndiyo ofisi. Ndiyo inayobeba viazi kutoka Narok, nyanya kutoka Mwea, saruji, meza za harusi, sofa za mtu anayehama Roysambu kwenda Ruiru. Kwa huyu, asilimia 7 ni chakula.

Fikiria safari ya Narok na mzigo. Ukifika Mai Mahiu bado hujaanza kazi. Kutoka pale hadi juu, upande wa Kimende, unapanda zaidi ya mita 500, na mbele yako kuna trela linalotambaa. Unasimama, unaondoka, unasimama tena, kwa mlima. Kila ukiondoka unatumia gia ya kwanza, na gia ya kwanza yako sasa ni ndefu kuliko ilivyopangwa. Unafanya nini? Unaitelezesha klachi zaidi ili gari lisizime. Unasikia ile harufu. Kila mtu anaijua ile harufu. Mwaka haujaisha, unanunua klachi mpya, na unamlaumu aliyekuuzia ile ya kwanza kwamba ilikuwa feki. Inawezekana kweli ilikuwa feki, Nairobi ni Nairobi. Lakini uliza pia ni nani aliyeiongezea kazi.

Kushuka ndiko kunakoniogopesha zaidi. Gari lenye mzigo likiteremka, dereva mwenye akili hutegemea gia. Anaweka ya tatu au ya pili na kuacha injini ishike gari, ili breki zisichemke. Gia zikirefushwa na matairi, injini inashika kidogo kuliko ilivyozoea. Wakati huohuo tairi kubwa lina mkono mrefu dhidi ya breki, kwa hivyo breki zilezile zinahitaji kufinya zaidi ili kusimamisha gari lilelile. Mambo mawili yanakuja pamoja, mahali ambapo hakuna nafasi ya kukosea. Hakuna mtu atakayekuambia haya pale unapochagua rimu. Wewe utaambiwa nyeusi au ya shaba.

Halafu kuna mshale wa mwendo kwa dashibodi. Ukisoma 100, ukweli ni 107. Ukisoma 50 mjini, mahali sheria inasema usizidishe 50, wewe uko 53.5. Na kilomita pia zinahesabiwa pungufu: ukidhani umeenda 5,000 tangu ubadilishe oili, umeenda 5,350. Kuna kichekesho hapa. Wenye matairi makubwa hulalamika kwamba gari linakunywa mafuta, na kweli linakunywa, lakini kwa sababu kilomita wanazosoma ni chache kuliko walizoenda, hesabu yao inaonyesha hali mbaya kuliko ilivyo. Hata malalamiko yamekosa kipimo.

Dawa ni nini? Kwa mfano wetu wa 4.1, ukizidisha na hiyo asilimia 7 unapata 4.39. Hakuna haja ya kutafuta 4.39. Chagua iliyo karibu. Ukiweka 4.3, kwa kilomita 80 injini inarudi kama 1,870, karibu kabisa na ilivyokuwa. Ukiweka 4.556, inafika kama 1,980, juu kidogo ya mwanzo, na gari linavuta kuliko siku lilipotoka kiwandani. Mimi, kwa anayezunguka mjini na kwenda ocha Krismasi, ningesema 4.3. Kwa anayebeba mzigo mlimani kila wiki, 4.556 bila kufikiria mara mbili, hata kama injini italia kidogo akiwa Mombasa Road. Kelele hailipishwi.

Kuna jibu ambalo hupewa haraka sana mtaani: "Piga tu programu mpya kwa kompyuta ya injini, nguvu itaongezeka." Nguvu itaongezeka, ndiyo. Lakini itapitia klachi ileile na giaboksi ileile, bado ikisukuma gia ndefu. Difu inafanya kinyume: inawapunguzia mzigo wote walio mbele yake, yaani propela, giaboksi na klachi, kwa sababu kazi ya kuzidisha nguvu inafanyika mwisho, karibu na gurudumu. Kama pesa inatosha kitu kimoja, mimi nachagua difu kabla ya kompyuta, kila siku ya wiki.

Na kuna kundi la pili, linalotaka kinyume kabisa. Hawa hawana habari na matairi. Wanataka difu ya nambari ndogo ili gari "lifunguke", liende mbio. Pikapu za miraa za kutoka Meru zimejipatia sifa ya mbio nchi nzima, na sababu inaeleweka, kwa sababu miraa ni mzigo unaopoteza thamani kila saa unayoichelewesha. Vijana wengine wanaona zile gari na kutaka kuziiga wakibeba kabichi. Kabichi haina haraka hiyo! Ukitoa 4.3 na kuweka 3.9 kwa pikapu ya kazi, unapata mwendo ambao breki zako, springi zako na matairi yako hayakupangiwa ukiwa na mzigo, na unapoteza nguvu pale pale unapoihitaji. Tena mafuta unayodhani utaokoa hutayaona, kwa sababu kila mlima utakulazimisha kurudi gia ya tatu. Difu ya mbio ina maana kwa gari jepesi linalokimbia tupu kwa barabara tambarare. Pikapu ya kazi tupu ni pikapu isiyolipa mkopo.

Tukubaliane basi kwamba unaibadilisha. Kitu cha kwanza, jua unayo gani. Usikubali kuambiwa "hizi zote ni 4.1". Modeli moja ya pikapu inaweza kuwa na difu tatu tofauti kulingana na injini, giaboksi na soko ililouziwa, na gari lililopita mikono minne huenda difu yake si ile ya kuzaliwa. Kile kibati cha utambulisho kina alama ya ekseli ambayo muuza spea mzuri anaweza kuisoma, lakini kibati hakijui kilichofanyika Grogan miaka sita iliyopita. Hesabu mwenyewe. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele, toa gia na handbreki, inua gurudumu moja la nyuma na uliweke kwa stendi imara, si jeki peke yake. Chora alama ya chaki kwa tairi na nyingine kwa propela. Zungusha hilo gurudumu mara mbili kamili huku lile lingine likiwa chini limetulia, na mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara nne na ushee kidogo, ni 4.1. Ikizidi nne na nusu kwa unywele, ni 4.556. Dakika kumi, na umejua kuliko atakayekuuzia. Njia hii ni ya difu ya kawaida. Kama yako ina loki inayoshikana yenyewe, meno yahesabiwe difu ikiwa wazi.

Kitu cha pili, na hiki nakiandika kwa sauti ya juu: kama pikapu yako ni ya 4x4, difu ni mbili. Ukibadilisha ya nyuma lazima ubadilishe ya mbele iwe na nambari ileile. Kuna wajanja watakaokuambia ya mbele haitumiki sana kwa hivyo iache. Siku utakayoingiza 4x4, magurudumu ya mbele yatataka kwenda mwendo wao na ya nyuma wao, na kilicho katikati kitakachokuwa kikivutwa huku na huku ni ile transfa. Kwa matope tairi litateleza na kukuokoa kwa muda. Kwa ardhi ngumu kitu kitavunjika. Na hutaingiza 4x4 siku ya jua. Utaiingiza usiku, mvua ikinyesha, mahali hakuna fundi. Hii ndiyo inayoifanya kazi ya 4x4 kuwa ghali karibu mara mbili, na ndiyo sababu ninasema hesabu ya difu ifanywe kabla ya hesabu ya matairi. Mwenye pikapu ya kuvutwa na nyuma pekee ana bahati, yake ni moja.

Sasa ununue gia mpya au difu nzima ya mtumba? Krauni na pinioni huja kama mke na mume, zimesagwa pamoja, huwezi kuokota moja hapa na nyingine pale. Kuzifunga ni kazi ya mikono safi. Fundi anarekebisha mwanya kati ya meno kwa vipande vyembamba vya chuma, anakaza beringi za pinioni kwa kipimo, anapaka rangi kwa meno na kuzungusha ili aone yanagusana wapi. Kama fundi wako hana saa ya kupimia mwanya na anasema anasikia kwa mkono, mshukuru na uondoke. Difu iliyofungwa vibaya hulia, mwanzo kama mbu, baadaye kama matatu ya zamani, na ikishalia hairudi kunyamaza.

Kwa hiyo mimi, kwa vijana wengi wa bajeti ya kawaida, napendelea difu nzima ya mtumba kutoka gari la aina ileile, iliyofungwa kiwandani na haijawahi kuguswa. Kirinyaga Road na Industrial Area zipo. Lakini ihesabiwe meno mbele yako, itikiswe uone kama beringi zimelegea, oili yake iangaliwe kama ina vumbi la chuma linalong'aa. Hakikisha kichwa chake kinashikana na propela yako, meno ya ekseli ni idadi sawa, na kama gari lina ABS, mahali pa sensa papo. Giaboksi ya otomatiki inahitaji mtu wa kompyuta aambiwe mapema, kwa sababu magari mengine hutegemea ile nambari kuamua wakati wa kubadilisha gia. Kuhusu mshale wa mwendo: kama gari lako husoma mwendo kutoka giaboksi, difu sahihi na matairi mapya pamoja huurudisha karibu na ukweli. Kama linasoma kutoka magurudumu, difu haitausaidia, itabidi urekebishwe.

Au usifanye lolote kati ya haya. Hili hakuna duka litakalokuambia, kwa sababu hakuna anayepata kitu: rudisha matairi ya saizi iliyoandikwa kwa mlango wa gari. Umebadilisha gia bila kufungua difu. Uza zile kubwa zikiwa bado na meno, lipa mkopo miezi miwili, na ukitaka gari lionekane, lioshe.

Anayeendelea na difu mpya asiwe na haraka nayo. Kilomita 800 za kwanza usibebe mzigo mzito, na safari ya kwanza kabisa iwe fupi, kilomita 20 au 30, kisha usimame uiache ipoe kabisa kabla ya kuendelea. Gia mpya huzaa joto zikizoeana. Baada ya hizo 800, mwaga oili yote, hata kama inaonekana safi, na uweke nyingine ya difu ya daraja la GL-5 kwa unene ulioandikwa kwa kitabu cha gari. Ile utakayoimwaga imwagie kwa karai jeupe na uiangalie kwa jua. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida. Ukiona kipande unachoweza kukishika kwa vidole, gari lisitoke pale.